Breki za Baba Mkwe

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyorudi kutoka kisimani nikamkuta baba mkwe wangu amelala chali chini ya gari lake, miguu tu ndiyo inaonekana. Nilikuwa na ndoo ya maji kichwani na mimba kubwa tumboni, na nilisimama pale uani nikiwa nimekasirika. Nilikuwa mtu wa hasira za karibu wakati ule. Siku hizi hata hasira zangu zimezeeka, zikitaka kuinuka hutafuta fimbo kwanza.

Ngoja nikueleze tulikuwa wapi, ili usinihukumu bure. Boma letu lilikuwa upande wa Iguhu, juu kabisa, mahali ambapo barabara inashuka ghafla hadi darajani kabla ya kupanda tena kuelekea hospitali ya Mukumu. Mume wangu, Lusimba, alikuwa kazini mbali, katika kiwanda cha sukari, na alikuja nyumbani akipata ruhusa tu. Tulibaki watatu: mimi, mama mkwe wangu Khasoa, na mzee mwenyewe, Shivachi. Mzee alikuwa dereva katika shamba la Mzungu huko Lugari tangu ujana wake, na Mzungu alipoondoka, yeye alirudi kwao na gari dogo jeusi lenye mgongo wa mviringo. Hata wakati ule lilikuwa gari la kale. Lilipokuwa likipita, wazee walivua kofia na watoto walilikimbilia.

Sasa sikiliza. Mimba yangu ya kwanza niliipoteza kwenye barabara ile. Uchungu ulinishika kabla ya wakati wake, gari likiwa limesimama uani, limeoshwa, linang'aa, na mzee akakataa kuliwasha. Alisema breki zimekwisha, na kwamba hashuki mteremko ule akiwa na mtu ndani. Basi nikapakiwa kwenye baiskeli, mmoja anasukuma na mwingine ananishika mgongo, na tulipofika hospitali tulikuwa tumechelewa. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Majirani walisema mengi. Walisema mzee anapenda gari lake kuliko damu yake, ana farasi uani na mke wa mwanawe anabebwa kama gunia. Na mimi, mwanangu, nilisema hayo hayo moyoni, kila siku, nikimpelekea chakula chake.

Moyoni tu, kwa sababu kwetu mkaza mwana hasemezani na baba mkwe. Nyinyi leo mnakaa na wakwe zenu sebuleni, mnatazama televisheni, mnapigana picha kwa simu mkicheka. Siwalaumu, kila zama na watu wake. Sisi nikimwona mzee anakuja njiani, mimi nilihama njia. Sikumpa mkono, sikuketi kwenye kiti chake, sikumtazama usoni. Na yeye vivyo hivyo. Akiwa na neno kwangu alilipitisha kwa mkewe, hata kama nimesimama pale pale karibu nao. "Mwambie mke wa Lusimba kuni zimelowa." Mama ananigeukia, ananiambia kuni zimelowa, nami namjibu mama kwamba nimesikia. Na jambo ambalo baba mkwe hathubutu kabisa kulitaja, hata kwa kulipitisha kwa mtu, ni tumbo la mkaza mwana wake. Hilo halionekani. Likiwa kubwa kama mlima, yeye halioni.

Ndiyo sababu asubuhi ile nilikasirika. Tumbo lilikuwa limeshuka, siku zangu zimekaribia, kila nikiutazama mteremko ule niliikumbuka ile baiskeli, na mzee wetu anacheza na vyuma. Niliweka ndoo chini kwa kishindo, nikaenda jikoni kumlalamikia mama mkwe. Nikamwambia wengine wana bahati, wamezeeka na bado wana vitu vya kuchezea.

Mama Khasoa alikuwa akichambua mboga. Akaacha, akanitazama mpaka nikainamisha macho.

"Wewe unafikiri hiyo gari anatengenezea nani?" akasema. "Hawezi kukuambia. Hata mimi hajaniambia. Lakini tangu hiyo tumbo ianze kuonekana, huyu mzee halalangi."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema waliotutangulia. Nilikaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza niliutazama mlango wa jikoni ule uliofunguka kuelekea uani, na kupitia hapo nikaanza kumtazama mzee kwa macho mengine.

Nikwambie nilichokiona, maana mpaka leo mwili hunisisimka. Alilivua gurudumu, kisha akalivua lile bakuli kubwa la chuma lililokuwa nyuma yake, ambalo mafundi wanaliita dramu. Ndani mlikuwa na vyuma viwili vimepinda, vimeelekeana kama viganja vya mtu anayetaka kukinga maji. Hivyo ndivyo viatu vya breki. Mgongoni kila kiatu huvalishwa mkanda mgumu, na dereva akikanyaga pedali, viatu vinatanuka, mkanda unalikumbatia dramu kutoka ndani, na gari linasimama. Ni hayo tu. Mikanda ile ya zamani ilikuwa imelika mpaka ribiti, ile misumari mifupi inayoishika mikanda, zimeanza kukwaruza chuma. Mimi nilikuwa nikidhani gari husimama kwa nguvu fulani kubwa iliyo mbele, kwenye injini. Kumbe uhai wa watu wote waliomo umeshikwa na kipande cha mkanda mwembamba kuliko soli ya kiatu changu, mahali penye giza ambapo hakuna mtu anayetazama. Nilishika tumbo langu bila kujua kwa nini.

Viatu vipya vya gari kama lile havikuwepo Kakamega mjini, wala Kisumu. Gari lilikuwa limeyazidi maduka umri. Ilibidi mzee avivalishe upya vile vile vya zamani, kwa mkono, pale uani. Alipata kwa fundi wa malori mkanda uliosokotwa, mgumu, na ukiuelekeza juani unaona nyuzi za shaba zimepita ndani yake. Akafunga jiriwa lake, chuma cha kubania kazi, kwenye kisiki cha mti, akapanga vifaa vyake juu ya gunia safi, akanawa mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa ule mkanda. Hilo la kunawa lilinishangaza. Mafundi niliowajua walikuwa wananawa baada ya kazi.

Vumbi lililokuwa ndani ya dramu hakulipuliza. Alilifuta kwa kitambaa kilicholowa, akakizika kitambaa chenyewe, na akamwambia mkewe amwambie mke wa Lusimba asisimame upande ule upepo unakoelekea. Siku hizi tunasikia vumbi lile huua mapafu. Yeye hakuwahi kuambiwa na daktari, aliwaona tu wenzake wa Lugari wakikohoa, akayaweka moyoni.

Kisha akaanza kazi yenyewe. Alizing'oa ribiti za zamani kwa tindo, akakisugua kiatu mpaka chuma kikawa cheupe, akakata mkanda kwa msumeno, akautoboa kwa keekee ya mkono. Kila tundu alilipanua mdomo, ili kichwa cha ribiti kizame ndani kisije kikagusa dramu. Na ribiti ya kwanza aliipiga katikati ya kiatu, ndipo akaenda huku moja na kule moja, akielekea pembeni polepole. Alikuwa akimweleza mkewe, kwa sauti kubwa isiyo ya kawaida yake, kwamba ukianzia pembeni mkanda utavimba katikati, utabaki na nafasi ndogo usiyoiona, na siku ya kukanyaga kwa nguvu utapasuka hapo. Mama Khasoa aliitikia huku akiwaza mboga zake. Mzee alijua ni nani aliyekuwa akisikiliza kule jikoni, nami nilijua kwamba anajua, lakini hakuna aliyegeuka.

Siku zilikwenda. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa likiumizwa kweli kweli, lakini mzee hakukimbizwa na mtu. Akamaliza magurudumu yote, viatu vyote vimevaa mikanda mipya, vimepangwa juu ya gunia. Ikabaki kuvirudisha mahali pake. Siku hiyo akaenda mjini kutafuta mafuta ya breki, yale yanayopita ndani ya mabomba, na akaacha viatu pale uani kwa sababu jua lilikuwa kali.

Unalijua jua la Kakamega, mwanangu. Saa nane linakuchoma, saa tisa mvua inakucheka. Wingu lilitokea upande wa msituni, na mama Khasoa akatoka mbio, akavikusanya viatu vyote kwenye nguo yake, akaviingiza jikoni. Hapo alifanya vyema. Lakini mama alikuwa mkulima. Mumewe alikaa Lugari na magari, yeye alikaa Iguhu na majembe, na kwetu jembe halilali bila kupakwa mafuta, hasa msimu wa mvua. Mimi nilikuwa nimejilaza kidogo, mgongo ulikuwa unaniuma. Nilipoingia jikoni nilimkuta ameketi karibu na moto, bakuli la samli magotini, anavipaka viatu vya breki kimoja baada ya kingine, kwa upendo, huku anaimba wimbo wa kanisani. Kila kimoja kilikuwa kinang'aa.

Mzee aliporudi, mama alimwonyesha kazi yake akiwa na furaha. Alisema, "Tunapakanga jembe, nikaona hizi nazo zisishike kutu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Sikujua kosa ni nini, lakini niliuona mgongo wa mzee ukilegea. Alikaa chini kwenye kigoda, kofia mikononi. Mama akaacha kutabasamu. Alikuwa ameelewa kwamba ameharibu, ila hakujua ameharibu nini wala kiasi gani, na alijua vizuri tumbo langu lilikuwa limefika wapi.

Mwanangu, kuna wanaume ambao hapo wangesikika mpaka Khayega. Mzee Shivachi alichukua kiatu kimoja kwa koleo, akakisogeza karibu na makaa, akakishika hapo. Mkanda ulipopata moto, samli ikaanza kutoka jasho. Ilitoka, akaifuta, ikatoka tena, na akaifuta tena, na haikuisha. Akamwonyesha mkewe bila kumkaripia.

"Jembe ni chuma, ukipangusa inasahau mafuta," akasema. "Hii haisahau. Itanyamaza mpaka ipate moto kwa mteremko, halafu iteleze."

Mama akauliza kama haviwezi kuoshwa kwa petroli. Kwa nje vingekauka, hakuna ambaye angejua. Na hapo ndipo nilipoona jambo la ajabu kuliko yote niliyowahi kuona katika nyumba ile. Mzee alitazama mvua nje, akatazama viatu vile, kazi yote ile ya mikono yake, akavikusanya, akatoka navyo, akalihamishia jiriwa lake chini ya paa la ghala, akashika tindo, akaanza kung'oa ribiti alizokuwa amezipiga mwenyewe. Moja baada ya nyingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, methali hiyo nimeisikia tangu utoto, lakini kuisikia ni kitu kimoja na kumwona mtu akiiishi ni kitu kingine. Nilisimama mlangoni nikalia. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimeona kitu kikubwa na sikujua kukipa jina.

Akatafuta mkanda mwingine, akaanza upya katikati ya kiatu cha kwanza. Mama Khasoa alimkalia karibu siku zote hizo, anampa ribiti mkononi, mikono yake ameiosha mpaka imekunjamana. Hakuna aliyetaja samli tena katika boma lile.

Viatu vilipoingia mahali pake, ikabaki kutoa hewa kwenye mabomba. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Lazima awepo wa kukanyaga pedali ndani na wa kufungua nati ndogo kule kwenye gurudumu, na wakipishana hata kidogo tu, hewa inarudi ndani. Lusimba hakuwepo. Mama alikuwa na goti bovu, mguu wake haukukunjika. Mzee alizunguka gari mara kadhaa akikuna kidevu. Mwisho akasimama akiutazama msitu, akamwambia mkewe, "Mwambie mke wa Lusimba, kama hatachoka, akae kwa usukani. Nikigonga bati mara moja, akanyage asiachilie. Nikigonga mara mbili, aachilie."

Sikungoja kuambiwa na mama. Niliingia garini, tumbo likagusa usukani, nikaweka mguu. Sikumwona mzee, naye hakuniona. Nilisikia tu bati likigongwa, nikakanyaga, likagongwa tena, nikaachilia. Mwanzoni pedali ilizama bure, laini, kama kukanyaga matope. Tukarudia na kurudia, kutoka gurudumu moja hadi jingine. Halafu, sijui nikuelezeje, nilianza kuisikia ikiwa ngumu chini ya mguu wangu. Kila bati lilipogongwa iliongezeka ugumu, mpaka nikakanyaga ikanisukuma, ikakataa. Mtu ambaye hakuwahi kunitazama usoni alikuwa upande wa pili wa ule ugumu. Mtoto akapiga teke tumboni. Niliogopa, mwanangu, woga ule wa mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu miguuni.

Ungedhani imekwisha. Mzee hakuridhika. Alipakia gunia la mahindi kiti cha nyuma, na mama, akitaka kulipia kosa lake, akampa mayai yake yote katika kikapu, wayaweke juu ya gunia. Mzee akashuka mteremko peke yake na mahindi na mayai, akasimama darajani, akarudi. Yai moja lilikuwa limepasuka. Mimi ningesema yai moja si neno. Yeye alisema gari linavuta kushoto likisimama, akalipandisha jeki, akapaka chaki ndani ya dramu la upande ule, akalizungusha, akavitazama viatu: chaki ilishika mahali pamoja tu, palipoinuka. Akapapiga tupa taratibu, akajaribu tena, mpaka chaki ikaenea mkanda mzima. Alishuka tena na mayai. Yalirudi mazima, na mama akayapika.

Uchungu ulinishika Jumamosi, jua likiwa bado juu, mvua imetoka kupita na barabara imelowa. Mama alinisaidia kuingia kiti cha nyuma, akakaa na mimi. Gari likawaka. Tulipofika mwanzo wa mteremko mzee akalisimamisha. Nilijua anafikiria siku ile nyingine, kwa sababu na mimi nilikuwa naifikiria. Nilikuwa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, na nilikuwa nikilia.

Hapo mzee akasema. Hakumwambia mama aniambie. Alitazama mbele, mikono kwenye usukani, akasema, "Mama, usiogope. Hii gari itasimama."

Aliniita mama. Akaachilia breki, tukaanza kushuka.

Tulikuwa katikati ya mteremko, gari limeshashika mwendo, tukapinda kona, na barabara yote mbele yetu ilikuwa imejaa watu. Fahali wao alikuwa ameshinda pambano la mafahali pale uwanjani, na walikuwa wakimrudisha nyumbani, vijana kwa wazee, wamebeba matawi, ngoma za isukuti zinalia, wanaruka, wanaimba, na fahali mwenyewe katikati, mkubwa, ana damu pembeni mwa sikio. Walijaza daraja na njia yote ya kulielekea. Kwa kelele ile hawakutusikia. Mama Khasoa alifumba macho, akataja jina la Yesu.

Mzee hakupiga honi. Aliweka mguu, na gari likaanza kusimama. Halikuteleza, halikuvuta kushoto, halikunirusha mbele hata kidogo. Lilipunguza, likapunguza, likatulia, na fahali akawa yuko karibu sana hata niliona mvuke ukimtoka puani. Isukuti zikanyamaza moja moja. Vijana wakachungulia ndani, wakaniona hali yangu, na mmoja wao, jasho likimtiririka, akainua tawi lake juu. Wakamsukuma fahali wao pembeni. Watu wote wale wakasimama kando ya daraja, kimya, tukapita katikati yao polepole mpaka ng'ambo.

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu, na nikasahau kidogo hata uchungu wangu. Mteremko ni ule ule. Kama siku ile ya kwanza mzee angenihurumia kwa pupa, akaliwasha gari lile zuri lililooshwa huku breki zake zimekwisha, labda nisingefika hospitali kabisa, mimi wala yeye, na labda tungeondoka na watu wa njiani. Kukataa kwake siku ile na kulala kwake chini ya gari vilitoka katika moyo mmoja. Nilikuwa nimemchukia kwa lile la kwanza na kumshukuru kwa la pili, na kumbe vyote viwili ni kitu kimoja. Alivumilia kusemwa na kijiji kizima, na mimi nikimsema chini chini kila nikimwekea obusuma, ugali wetu, mezani, na hakujitetea hata mara moja. Kwa jambo lile hakuwa na mtu wa kumtuma aniambie.

Binti yangu alizaliwa jioni hiyo hiyo, analia kwa nguvu. Mzee hakuingia wodini, desturi haikumruhusu. Mama aliniambia kwamba alipopelekewa habari pale nje aliketi chini kwenye nyasi, mzee mzima na suti yake, akafunika uso kwa kofia. Tulirudi nyumbani kwa gari lile lile, na hakunisemesha tena moja kwa moja mpaka alipofariki. Haikuhitajika. Kila nilipompelekea chakula tangu siku hiyo, nilipiga goti, na goti lile halikuwa la desturi.

Basi nikupe nasaha yangu, ndiyo sababu nimekuketisha. Mtu asipande katika kitu chako kabla hujajua kama kinaweza kusimama. Iwe gari, iwe nyumba, iwe ndoa. Kuliwasha ni rahisi, hata mpumbavu huliwasha, na wapita njia watakupigia makofi. Likiwa halijawa tayari, sema halijawa tayari, hata wakikuita bahili, hata wakikuita mtu asiye na roho. Lakini usikomee kwenye kukataa. Ukishakataa, nawa mikono, lala chini, ulitengeneze. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kazi yako ikiharibiwa na mtu aliyekupenda, usimvunje yeye. Ng'oa ribiti, uanze tena katikati. Usipake mafuta ya nje juu ya kosa ukadhani limekwisha, maana siku ya moto litatoka jasho.

Na jambo la mwisho. Kabla hujamhesabu mtu kuwa hakupendi kwa sababu hajasema, tazama mikono yake inafanya nini. Labda kuna kitu anakutengenezea ambacho hana ruhusa ya kukutajia. Ukiitwa umsaidie, keti ukanyage, hata kama humwoni.

Mungu wa baba zetu akulinde katika kila mteremko utakaoushuka, mwanangu. Akupe watu watakaokukatalia leo ili ufike kesho. Akupe mikono isiyochoka kurudia kazi, na moyo usiohitaji kujitetea. Na watakaopanda nyuma yako, wadogo na wakubwa, wafike wakiwa wazima. Amina. Haya, inuka, kazi inakungoja.